Mkono Si Miguu

Msomaji, leo nataka nikiri jambo. Mwaka jana nilimtolea mama yangu mzazi ushahidi wa uongo mbele ya daktari. Sikukusudia, wala uongo wenyewe sikuutunga mimi. Niliunakili kutoka kwenye saa, usiku baada ya usiku, kwa kalamu ya wino na mwandiko mzuri, huku nikijiona mtoto mwema kupindukia.

Mambo yalianza hivi. Mama ana ugonjwa wa sukari. Kazi yake ni kupika vitumbua na maharage ya nazi na kuviuza asubuhi barazani kwetu, hapa Ngamiani, Tanga. Daktari alimpa vidonge, akampa masharti ya chakula, kisha akamwambia, "Na utembee, mama. Nusu saa kila siku, mwendo wa kukufanya uheme kidogo, angalau siku tano kwa wiki." Mama akaitikia, "Inshallah." Wanaomjua mama wanajua kwamba inshallah yake ina maana nyingi.

Kaka yangu ni dereva huko Muscat. Aliposikia habari hizi akampa jamaa mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani saa ya mkononi atuletee. Si saa ya kutazama majira tu, bali ni hizi saa janja zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo, usingizi na muda ambao mtu ameketi. Kisha akanipigia simu.

"Mfungie mama mkononi, asiivue. Weye si umekaa tu hapo unaandika hiyo riwaya yako isiyokwisha? Basi andika na hatua za mama. Kila Ijumaa unitumie."

Sikuwa na la kujibu. Tangu nimalize kidato cha nne mchana nafanya vibarua vya hapa na pale, na usiku naandika. Nikanunua daftari, nikachora mistari: siku, hatua, dakika za kuketi. Nambari za juma la kwanza zilinishangaza. 7,900. 8,400. 8,150. Kaka akafurahi hata akatuma hela ya viatu. Nilipomwonyesha mama, alilitazama daftari kwa muda, akacheka.

"Hizo zote zangu?"

"Zako, mama."

"Ama kweli! Basi natembea na mwenyewe sijijui."

Laiti ningeyasikiliza yale maneno. Mama alikuwa ameniambia ukweli wote kwa sentensi moja, nami nikadhani anatania.

Miezi mitatu ikapita, tukarudi kliniki. Mama alipimwa kile kipimo cha damu kisichodanganyika kwa kujinyima siku mbili. Chenyewe hutazama sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo husimulia habari za miezi, si za jana. Daktari aliitazama karatasi akakunja uso. Sukari haikushuka hata kidogo.

"Unatembea, mama?"

Kabla mama hajafungua kinywa mie nikachomoa daftari. Wastani, hatua 8,200 kwa siku! Daktari akapekua kurasa moja moja, akavutiwa. Akaniangalia kwa heshima, yaani kama mtu mzima. Halafu akamgeukia mama.

"Kama unatembea hivi na vidonge unameza, basi tatizo liko mdomoni. Hebu niambie, unakula nini kwa siri?"

Mama akainama. Mwanamke aliyelea watoto wanne kwa kitumbua, ameulizwa mbele ya mwanawe anakula nini kwa siri. Na aliyemfikisha hapo ni mie na daftari langu.

Nyumbani tukaanza kumlinda. Mie nikaficha kopo la sukari. Dada yangu akawa anavihesabu vitumbua kabla havijatoka barazani na tena vikibaki. Siku ya nne mama akachoka nasi.

"Mmenifanya mwizi ndani ya nyumba yangu," alisema, wala hakupandisha sauti. "Mie sijala kitu. Haya, kama mie hamuniamini, iulizeni hiyo saa yenu, si ndiyo mnayoiamini?"

Akaivua, akaiweka juu ya makaratasi ya riwaya yangu, akatoka uani kukuna nazi.

Nilibaki nimeketi gizani, maana umeme ulikuwa umekatika. Kutoka uani nikawa nasikia mbuzi ikikwaruza: kwacha, kwacha, kwacha. Sauti ile naijua tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lakini usiku ule niliisikia kama mtu anayetembea. Mwendo wake ulikuwa sawasawa, wala haukupumzika, mtu yuko safarini kabisa. Nikasimama.

"Mama," niliita, "unakuna nazi ngapi kwa siku?"

"Kumi na tano. Kwani nazo ni dhambi?"

Asubuhi yake nikaivaa saa mwenyewe na kuanza kuipeleleza.

Kwanza nilichukua kunde 100 nikazitia mfuko wa kulia. Kila hatua kumi nahamisha kunde moja mfuko wa kushoto, ili nisichanganyikiwe. Nikatembea hatua 1,000 kwa mikono huru, mpaka kituo cha reli. Saa ikasema 962. Nikasema moyoni, loo, mbona mwaminifu!

Pili nikajitwisha ndoo ya maji kichwani, nimeishika kwa mkono uliovaa saa, nikaenda hatua 500 nikihesabu kwa mdomo. Shingo ilitaka kukatika. Saa ikasema 61.

Tatu nikapanda baiskeli. Tanga, msomaji, ni mji wa baiskeli, mgeni yeyote atakwambia. Nikaendesha mpaka Pongwe na kurudi, jua limewaka, shati limelowa kama limetolewa kisimani. Saa ikaniandikia hatua 140, na hizo nadhani ni za mashimo ya barabarani. Tena ikaniletea na nasaha kwamba nimekaa muda mrefu, yafaa ninyooshe miguu!

Nne nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili. Dada alikuwa akicheka mlangoni. Sikunyanyuka hata mara moja. Saa ikasema 731.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Nazi moja, hatua 365 hivi. Nazi kumi na tano ni hatua 5,475. Toa katika zile 8,200. Zinabaki 2,725. Hizo ndizo hatua halisi za mama, na hapo sijatoa kupiga unga wala kukoroga maharage. Nikafunga daftari, sikutaka kuliona.

Baada ya hapo nilianza kusoma kwenye simu, usiku kwa usiku, kuhusu hiki kidude, kwa ghadhabu ya mtu aliyetapeliwa. Nilichokikuta kilinipunguza ghadhabu, kwa sababu saa haikunitapeli. Haikuwahi kusema inachojua zaidi ya kile inachokijua. Mie ndiye niliyeiongezea.

Ndani ya saa mna kitambuzi kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho wataalamu hukiita akselerometa. Mna kizito kidogo mno kilichoshikiliwa na vijisipringi. Mkono ukishtuka, kizito kinabaki nyuma kidogo, na kule kubaki nyuma hugeuzwa kuwa nambari. Kinapima pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Basi. Hicho ndicho kinachopimwa, mshtuko wa kifundo cha mkono. Yaliyobaki yote, hatua, mazoezi, uvivu, ni tafsiri ya programu. Programu hutafuta wimbi linalojirudia kwa mwendo kama wa kutembea, na ikiliona huandika hatua. Mkuna nazi ana wimbi zuri kuliko mtembea kwa miguu. Mbeba ndoo hana wimbi kabisa.

Hapo zamani vyombo hivi havikukaa mkononi. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kidude cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Hata hizo elfu kumi tunazozikimbilia sote zilianza kama jina la kuuzia bidhaa, si agizo la tabibu. Na kiuno, ukifikiri, ni shahidi mzuri, maana kiuno hakikuni nazi.

Kwa nini basi wakahamia mkononi? Sababu yenyewe ni ya kibinadamu. Marekani, katika uchunguzi wao mkubwa wa afya ya taifa, watu walifungwa vipimo kiunoni kati ya 2003 na 2006. Wakawa wanavivua wakati wa kuoga na kulala, kisha wanasahau kuvirudisha. Mzunguko wa 2011 hadi 2014 wakawafunga mkononi, usiku na mchana, na watu wakavaa siku nyingi zaidi. Uingereza nako, kati ya 2013 na 2015, watu zaidi ya 100,000 wa mradi wa UK Biobank walivaa kipimo mkononi kwa siku saba. Mkono haukuchaguliwa kwa kuwa unajua mambo ya miguu. Ulichaguliwa kwa sababu mtu hausahau.

Na kuketi ndiko kugumu zaidi kupima. Wataalamu wamekubaliana kwamba kuketi bure ni hali ya mtu aliye macho, ameketi au ameegemea au amelala chali, na mwili wake unatumia nguvu isiyozidi mara moja na nusu ya ile ya kupumzika. Angalia, hayo ni masharti mawili, mkao na nguvu, na mkono haujui hata moja kwa yakini. Mlinzi aliyesimama langoni ametulia na mlinzi aliyeketi kitini ametulia, kwa mkono ni mtu yule yule. Kwa hiyo watengenezaji huweka mpaka: mtikisiko ukiwa chini ya kiasi fulani, andika ameketi. Usogeze mpaka kidogo, na mtu yule yule, siku ile ile, anapata au anapoteza saa nzima za uvivu. Usiku nao ni hivyo hivyo. Nililala kitandani nikisoma kitabu bila kujitikisa, na asubuhi saa ikanipongeza kwa usingizi mzuri.

Wanaotaka kujua habari za kuketi kwa uhakika hufunga kipimo pajani. Paja likilala, mtu ameketi. Paja likisimama, mtu amesimama. Ni akili rahisi ambayo hata fundi seremala angeivumbua.

Kwa njia hiyo hiyo Wahadzabe, ndugu zetu wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi, walifungwa vipimo vya pajani, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Sisi tunaosifu maisha ya porini tungedhani hawaketi kabisa. Kumbe wanapumzika karibu saa kumi kwa siku, kama watu wa mijini! Lakini sehemu ya mapumziko yao ni kuchutama na kupiga magoti, na katika mikao hiyo misuli ya miguu haijalala, inafanya kazi kidogo kidogo. Nilipomsomea mama habari hii aliitika kwa kichwa. "Hata mbuzi yangu iko chini," akasema, "ila mie nimeikalia makalio. Ningeichutamia ningeanguka na nazi yangu."

Kuna habari moja tena iliyonichoma. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi wa wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, waliohesabiwa hatua kwa vipimo vya kiunoni. Waliokuwa wa chini kabisa walikwenda kama hatua 2,700 kwa siku. Waliofika 4,400 tu walikuwa na vifo vichache kuliko hao kwa kiasi kikubwa, na nafuu ikaendelea kukua mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Tazama sasa. Mama yangu, ukiondoa nazi, alikuwa kwenye 2,725. Alikuwa katika kundi la chini, nami nilikuwa nimemwandika kundi la juu na kumnunulia viatu.

Nisije nikaionea saa, nayo ina mema yake. Katika kutembea kwa mikono huru nimeiona mwenyewe, haina kosa kubwa. Mapigo ya moyo pia huyasoma vizuri kwa kile kitaa chake cha kijani. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipojaribu aina saba za vyombo vya mkononi kwa watu 60, habari zao zikatoka mwaka 2017, aina sita zilisoma moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Lakini nguvu inayotumika mwilini, zile kalori, kilicho bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27 kwa wastani, na cha mwisho asilimia 93. Chombo ni kimoja, mkono ni mmoja, lakini swali moja kinalijibu vizuri na jingine kinabahatisha. Na yote mawili yanatokea kwenye kioo kwa herufi zile zile, bila aibu.

Jioni moja nikaenda uani nikaketi karibu na mbuzi.

"Mama, nisamehe. Saa ilikuwa inahesabu nazi."

Hakunijibu upesi. Alimaliza kifuu kilichokuwa mkononi, akakung'uta machicha.

"Nilijua," alisema. "Miguu ni yangu, nisijue kama imetembea?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Weye ukawa unaandika."

Msomaji, nimeandika kurasa 300 za riwaya, na hakuna mtu ndani yake aliyepata kusema neno zito kama hilo.

Nikamweleza kwamba kukuna nazi si uvivu. Ni kazi, na jasho lake nalila tangu nizaliwe. Ila daktari alikuwa anaitafuta misuli mikubwa ya mapajani, ambayo ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na misuli hiyo ilikuwa imekaa juu ya mbuzi inapumzika huku mkono ukienda Pongwe na kurudi. Mama alifikiri, akaichukua saa. Akaifungua mkanda mpaka tundu la mwisho, akaifunga juu ya kifundo cha mguu kama njuga ya ngoma, akanyoosha mguu autazame.

"Sasa iseme uongo," alisema.

Tangu siku ile tukawa tunatoka wawili baada ya sala ya alasiri, kupita njia ya kituo cha reli na kuzunguka, nusu saa na zaidi. Mwanzo alikuwa akisimama kila kona akisalimiana na watu, nami nikiona haraka. Baadaye nikaelewa kwamba hiyo ndiyo inshallah yake inatimia. Daftari nimelianza upya. Siku hizi siandiki nambari peke yake. Naandika hivi: "Jumanne. Nazi 14, ameketi tangu adhuhuri hadi saa tisa. Alasiri ametembea, amehema pale kwenye kilima, amecheka habari za jirani. Mguuni hatua 4,600."

Tuliporudi kliniki nilimweleza daktari yote, na nikaomba radhi kwa ajili ya daftari la kwanza. Alisoma kurasa zile mpya polepole, kisha akamgeukia mama akasema, "Samahani, mama." Sukari ilikuwa imeshuka, kidogo, si kwa muujiza. Kopo la sukari nimelirudisha kabatini mahali pake, na hakuna anayelilinda.

Mie ni mtu wa maneno, na nilidhani nambari ni kitu kinachonizidi. Yule anayesema 8,200 nilimwona kama hakimu. Sasa namwona kama shahidi aliyefungwa kitambaa machoni, aliyesikia sauti ya kwacha kwacha akaapa kwamba mtu alipita. Shahidi huyo si mwongo. Aliapa alichosikia. Ila ilinipasa mie niliyekuwa na macho nitoke uani nikatazame.

Basi nawe, msomaji, ukiletewa nambari inayomhusu mtu umpendaye, ikimsifu au ikimlaumu, usikimbilie kuiandika. Uliza kwanza ilikuwa imefungwa wapi. Kisha muulize mwenyewe.